Mifupa inauma: ujue dawa unayomeza

Kipwa kimefika. Mwezi wa sita na wa saba, hapa Likasi, baridi ya asubuhi inaingia mpaka ndani ya buti, na watu wengi wanashuka kitandani pole pole, mukono mumoja ukishika ukuta. Magoti hayakunjuki. Mugongo umekuwa kama ubao. Vidole vya mama havifungi tena kitambaa cha kichwa. Lakini saa ya kazi haingoji mutu, na bukari haijipiki.

Basi mutu anafanya nini? Anapita kwa meza ya dawa pembeni ya barabara, anasema: «Mifupa inauma.» Wanamupa vidonge 4 au 6 ndani ya kafuko kadogo ka plastiki, bila karatasi na bila jina. Anameza 2 na maji, na nyuma ya saa moja anatembea kama kijana. Kesho yake anarudia. Mwisho wa mwezi, meza ile imekuwa munganga wake.

Ukurasa wetu wa leo hausemi kwamba dawa ile ni mbaya. Imefanya kazi yake: imeondoa maumivu. Lakini dawa za viungo hazifanyi kazi moja tu. Zinapita mwilini mwote, na kule ndani, mahali usipoona, zinafanya kazi nyingine ambayo hukuziomba. Kazi ile ya pili ndiyo tunaita madhara. Unapashwa kuijua kwa alama zake, kwa maana wewe, au bibi yako, au mutoto wako, ndiye atakayeiona wa kwanza, siyo munganga.

Tuweke mfano. Mutumishi wa miaka 48 ameendesha mashine nzito kwa miaka 20, kiti kikimutikisa toka asubuhi mpaka jioni. Goti la kuume linavimba. Anameza ibuprofeni aliyonunua mwenyewe. Inasaidia nusu. Rafiki anamupa kidonge kingine, diklofenaki, akisema: «Hii ina nguvu kupita ile.» Anaanza kumeza zote mbili, mwezi muzima, tena na tumbo tupu, kwa sababu anatoka nyumbani saa kumi na moja ya alfajiri. Siku moja anaona choo chake ni cheusi sana, kinang'aa, kinanata kama lami ya barabara na kunuka kupita desturi. Anafikiri ni sombe ya jana. Nyuma ya siku mbili kichwa kinazunguka, jasho baridi linatoka, anaanguka mbele ya mulango.

Haikuwa sombe. Ilikuwa damu. Kidonda kilifunguka ndani ya tumbo na damu ikashuka ndani ya matumbo siku nyingi, ikageuka nyeusi njiani. Jambo la kushangaza ni hili: watu wengi wa namna hii hawakusikia maumivu ya tumbo hata kidogo. Dawa inayotuliza goti inatuliza pia kilio cha tumbo. Kwa hiyo usingoje tumbo likuume ndipo uogope. Angalia choo. (Vidonge vya chuma, wanavyopewa mama wenye mimba na watu waliopungukiwa na damu, navyo vinafanya choo kuwa cheusi, lakini kile hakinati wala hakinuki namna ile. Ukikosa hakika, nenda lopitalo.)

Sasa utauliza: dawa ya goti inatafuta nini tumboni?

Jibu lilipatikana mwaka 1971. Mutaalamu mumoja wa elimu ya dawa wa Uingereza, John Vane, alionyesha namna aspirini inavyofanya kazi, na mwaka 1982 alipewa zawadi ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Mwili wetu unatengeneza vitu vinavyoitwa prostaglandini. Kiungo kikiumia, vitu vile ndivyo vinavyoleta uvimbe, joto na maumivu. Aspirini inazuia visitengenezwe. Ndugu zake wote wanafanya vile vile: ibuprofeni, diklofenaki, indometasini ambayo wengi wanaijua kwa jina la Indocid, piroksikamu na zingine. Lakini prostaglandini zina kazi nyingine nzuri. Ndani ya tumbo zinasaidia kutengeneza ule utelezi unaokinga ukuta wa tumbo. Wewe unayefanya kazi karibu na matanki ya asidi unafahamu maneno haya kuliko sisi: tanki ikipoteza kitambaa chake cha ndani, asidi inakula tanki yenyewe. Tumbo lina asidi yake, kali kabisa. Ukiondoa kinga, linajila.

Kwa hiyo ibuprofeni na diklofenaki ni watoto wa mama mumoja. Ukimeza zote mbili hukuongeza faida, umeongeza hatari tu. Na angalia vizuri, kwa maana kuna kapsuli zinazochanganya ibuprofeni na paracetamoli ndani moja: mutu anameza kapsuli ile, kisha anaongeza ibuprofeni, kisha paracetamoli, akifikiri ni dawa tatu za namna tatu.

Wengine wanasema: «Basi nitaomba sindano, ipite mbali na tumbo.» Haipiti mbali. Dawa inafika tumboni kwa njia ya damu, hata ukiipiga kwa tako, hata ukiiweka kwa njia ya nyuma. Sindano inaongeza hatari yake yenyewe: ikipigwa vibaya kwa tako inaweza kugusa mushipa mukubwa wa muguu, na mutu aliyekwenda kutafuta dawa ya kiuno anarudi akiburuta muguu. Mara nyingi kidonge, pamoja na chakula, kinatosha. Kula kwanza, hata bukari kidogo, ndipo umeze. Chakula hakiondoi hatari yote, maana njia ya damu inabaki, lakini kinapunguza kichefuchefu na moto wa tumbo. Kama una miaka zaidi ya 60, au uliisha kuwa na kidonda cha tumbo, mwambie munganga mbele hajaandika. Anaweza kukupa omeprazoli ya kukinga tumbo, au kuchagua njia nyingine.

Nyuma ya tumbo zinakuja figo, na hapa tunasema na wale wanaofanya kazi mahali pa moto. Mutu anayetoka jasho siku nzima mbele ya tanuru, akinywa maji kidogo, figo zake zinapata damu kidogo. Zinajisaidia kwa kufungua mishipa yake, na zinaifungua kwa nguvu ya prostaglandini zile zile. Ukimeza diklofenaki siku ile, umefunga mulango ambao figo zilikuwa zinapumulia. Mambo yanakuwa mabaya zaidi kwa mutu wa tansyo anayemeza kaptopirili au enalapirili pamoja na kidonge cha kukojoa kama furosemidi. Dawa tatu zile pamoja zinaweza kusimamisha figo kwa siku chache tu. Alama zake: mukojo unapungua, miguu na uso vinavimba asubuhi, mutu anachoka bila sababu. Na hata figo zikishinda, tansyo yenyewe inapanda, na munganga anaongeza dawa za tansyo bila kujua kwamba mugonjwa wake anakula diklofenaki kila siku. Mwambie! Hawezi kuisoma kwa uso wako.

Moyo nao haukuachwa. Mwaka 2004 kampani moja ya Marekani iliondoa kwa soko la dunia nzima dawa ya viungo iliyoitwa Vioxx, iliyosifiwa kwa kutoumiza tumbo, kwa sababu ilionekana kuongeza kuziba kwa mishipa ya moyo. Diklofenaki inayouzwa hapa kwetu ina hatari ya namna ile, hasa kwa mutu anayeimeza kwa wingi na kwa wakati murefu. Mwenye ugonjwa wa moyo asiiguse bila neno la munganga.

Na mama mwenye mimba? Toka mwezi wa tano asimeze dawa za jamaa hii kwa kujiamulia. Zinaweza kupunguza maji anamolala mutoto, na karibu na mwisho wa mimba zinaweza kufunga mbele ya wakati mushipa ambao mutoto anahitaji mpaka azaliwe. Kwa maumivu ya mugongo wa mimba, paracetamoli ndiyo ya kuulizia.

Paracetamoli haiharibu tumbo wala figo namna ile, na kwa goti la kawaida ndiyo tungependa mutu aanze nayo. Lakini nayo ina kipimo. Kwa mutu muzima, vidonge vya mg 500 visipite 8 kwa siku nzima, na kwa mutu mwembamba au mwenye ini bovu visifike pale. Anayekunywa lutuku kila jioni ajue kwamba ini lake linachapwa kwa fimbo mbili.

Neno fupi juu ya dawa mbili za zamani ambazo wazee wanazitafuta bado. Butazolidine, iliyosifiwa sana katika miaka ya 1950 na 1960, iliondolewa kwa matumizi ya watu katika inchi nyingi kwa sababu iliua chembe za damu ndani ya mifupa. Ukiipata mahali, ujue siku hizi ni dawa ya farasi. Novalgin inauzwa bado, lakini Marekani waliikataza mwaka 1977: kwa watu wachache inamaliza ghafula zile chembe nyeupe zinazopigana na magonjwa. Mutu aliyeimeza akipata homa kali na vidonda vya koo asiseme ni malaria tu. Aache kidonge na aende kupima damu siku ile ile.

Sasa tufike kwa ile tunayoogopa zaidi. Kila mutu anaijua: Dexa.

Katika mwezi wa tisa wa mwaka 1948, wakati muji wetu ulipokuwa ukiitwa Jadotville, munganga Philip Hench wa Mayo Clinic, kule Marekani, alipiga sindano ya dawa mupya kwa mwanamuke wa miaka 29 ambaye viungo vilimufunga kitandani. Nyuma ya siku chache mwanamuke yule alitoka akaenda mujini kununua vitu. Wanganga waliona kama muujiza. Dawa ile iliitwa kortizoni, na mwaka 1950 Hench na wenzake wawili walipata Nobel. Lakini haukupita wakati murefu na wanganga wale wale walianza kuandika mambo mengine: uso unajaa kama mwezi, tumbo linanenepa na miguu inakonda, sukari inapanda, mifupa inavunjika, wengine akili inachafuka. Na mugonjwa akiacha dawa, maumivu yanarudi.

Deksametazoni, ndiyo Dexa, na prednisoloni ni wajukuu wa kortizoni ile. Ndani ya lopitalo zinaokoa watu kila siku, na kwa magonjwa mamoja ya viungo munganga hawezi kufanya bila hizo. Nje ya lopitalo zimekuwa kitu kingine. Zinauzwa kwa mutu mwenye kiuno. Zinauzwa kwa kijana anayetaka nguvu ya kuchimba. Zinauzwa hata kwa dada anayetaka mashavu na makalio, apendeze kwa ndoa ya rafiki yake! Tena dawa zingine za unga zinazoitwa za asili zimechanganywa na vidonge hivi vilivyosagwa. Ndiyo sababu «mizizi» ile inaponyesha mifupa kwa usiku mumoja. Muzizi wa kweli haufanyi haraka hivyo.

Usidanganywe na udogo wa kidonge. Dexa moja ya mg 0,5 ina nguvu ya zaidi ya mg 3 za prednisoloni. Mutu anayemeza 4 kwa siku amemeza sawa na mg 13, na hii ni zaidi ya mara mbili ya kile mwili wake mwenyewe unachotengeneza kwa siku.

Na hapa ndipo mutego ulipo. Juu ya figo zetu kuna vitezi viwili vidogo vinavyotengeneza kortizoli, ile kortizoni ya mwili wenyewe. Ndiyo inayotusimamisha siku ya ajali, siku ya homa kali, siku ya kupasuliwa. Vitezi vile vikiona kila siku dawa inaletwa toka nje, vinasema: kazi yetu imeisha, na vinalala. Nyuma ya majuma 3 hivi vimelala kabisa. Ukiacha vidonge kwa siku moja, kwa sababu feza imeisha au kwa sababu umesoma ukurasa huu ukaogopa, vitezi haviamki siku ile. Mwili unabaki bila kitu. Mutu analegea, anatapika, tansyo inaanguka, viungo vyote vinauma kupita mbele, na anaweza kufa.

Kwa hiyo tunaandika tena, polepole: kama umemeza Dexa au prednisoloni kupita majuma 3, USIACHE KWA GHAFULA. Nenda kwa munganga, mwambie ukweli, naye atakupunguzia hatua kwa hatua, kwa majuma au kwa miezi. Hatakucheka. Anawaona wengi.

Na kuna jambo la usalama wa kazi ambalo hatulioni likisemwa. Ukipata ajali, ukiletwa lopitalo na muguu uliovunjika, au ukipelekwa kupasuliwa tumbo, yule anayekupokea anapashwa kujua kwamba ulimeza dawa hizi, hata kama uliacha miezi iliyopita. Pengine utakuwa huwezi kusema. Kwa hiyo bibi yako ajue, na mwenzako wa timu ajue. Aibu ya kusema «bwana yangu alikuwa anakula Dexa» ni ndogo kuliko matanga.

Kwa sisi watu wa madini kuna hatari nyingine tena. Vumbi la mawe linaloingia kifuani miaka mingi linaacha alama ndani ya mapafu, na mapafu yale yanapata kifua kikuu kwa urahisi kuliko mapafu ya wengine. Mara nyingi kidudu cha kifua kikuu kinalala ndani ya mutu miaka na miaka bila kumugonjesha, askari wa mwili wamekizunguka. Dexa inawafukuza askari wale. Kisha, kwa uerevu wake mubaya, inaficha homa na inaleta tamaa ya chakula, hata mutu anafikiri ananenepa na kuwa na afya wakati kifua kinaoza. Ukikohoa majuma 2 na unameza dawa hii, pima makohozi bila kungoja. Munganga akitaka kukuandikia prednisoloni ya muda murefu, mukumbushe kwamba umefanya kazi ndani ya vumbi, afanye radiyo ya kifua mbele ya kuanza. Kuna tena munyoo mudogo unaoingia kwa ngozi ya miguu mitupu na kukaa tumboni miaka mingi bila kelele. Chini ya Dexa unaweza kuongezeka na kuingia mwilini mwote. Kwa hiyo munganga mwenye hekima anatibu minyoo kwanza.

Haya yote hatuyasemi kwa vijana peke yao. Wazee waliotoka Gécamines mwaka 2003, wakati zaidi ya watumishi 10 000 waliondoka kwa mupango wa «départs volontaires», walirudi nyumbani na magoti yao ya kazi. Leo wao ndio wanaomeza zaidi, na ndio ambao mifupa, figo na macho yao yanavumilia kidogo zaidi. Kijana, angalia kafuko ka plastiki chini ya muto wa baba yako.

Sasa dawa zingine, kwa ufupi zaidi, kwa sababu hizi mara nyingi zinatoka mukononi mwa munganga.

Guti ni ule ugonjwa unaopiga kidole kikubwa cha muguu usiku, kikavimba na kuwaka, hata shuka haiwezi kukigusa. Aloprinoli inaizuia isirudi, lakini inamezwa kila siku, siyo wakati wa maumivu tu. Ukiona mapele yanatoka mwilini katika majuma ya kwanza, midomo au macho yakichomeka, acha siku ile ile na ukimbie lopitalo: kwa watu wachache ngozi nzima inatoka. Kolkisini ya kutuliza shambulio ni dawa kali. Ukianza kuharisha, mwili unakuambia kwamba kipimo kimepita. Usiongeze kamwe.

Kwa ugonjwa wa viungo unaofunga vidole vya mikono miwili pamoja, ukiviharibu mwaka kwa mwaka (wanawake wanaupata kuliko wanaume), dawa ya kwanza ulimwenguni leo ni metotreksati. Inazuia kiungo kisiharibike, kitu ambacho diklofenaki haiwezi. Lakini INAMEZWA MARA MOJA KWA JUMA, siyo kila siku. Watu wamekufa, hata katika inchi tajiri, kwa kuimeza kila siku kwa kosa. Chagua siku, tuseme siku ya pili, uiandike kwa wino juu ya sanduku. Pamoja nayo munganga anatoa asidi foliki, na anapima damu na ini. Pombe hapana. Mimba hapana. Vidonda vya kinywa au homa vikitokea, rudi mbele ya kumeza kidonge kingine.

Klorokini nayo, tuliyoizoea kwa malaria mpaka serikali ilipoiacha kwa kazi ile miaka ya 2000, inasaidia viungo, yenyewe au ndugu yake hidroksiklorokini. Muwasho wake tunaujua. Lile tusilolijua ni jicho: ikimezwa miaka mingi inaweza kuchafua pazia la ndani ya jicho, na uharibifu ule haurudi. Anayeimeza apimwe macho mbele ya kuanza, na kisha kwa vipindi anavyoambiwa.

Tunamalizia na mutoto, kwa sababu kwake hesabu inageuka.

Mutoto wa miaka 5 mpaka 15 aliumwa koo. Nyuma ya majuma 2 au 3, goti linavimba, kisha linapona na kifundo cha muguu kinavimba, kisha kiwiko. Wazazi wanasema «anakua» au «alianguka kwa mupira». Hii inaweza kuwa homa ya rumatizimu. Viungo vitapona vyenyewe. Moyo hauponi hivyo: kila shambulio jipya linakata na kukunja milango ya moyo, mpaka kijana wa miaka 20 anashindwa kupanda ngazi. Kinga yake ni penisilini ya muda murefu, sindano moja kila majuma 3 au 4, kwa miaka 10 hivi na pengine zaidi.

Sindano ile inauma. Tako linabaki gumu siku mbili, mutoto anachechemea. Kwa wachache sana penisilini inaleta hatari ya kweli: uso unavimba, pumzi inakata, mutoto anaanguka. Hali ile inaanza mara nyingi katika dakika za kwanza, kwa hiyo baki lopitalo nusu saa nyuma ya sindano, usiharakishe kwenda soko. Kama mutoto aliisha kupata mapele au kushindwa kupumua kwa sababu ya penisilini, sema mbele ya sindano. Kuna dawa nyingine ya kumeza mahali pake. Kama ana ugonjwa wa moyo uliozidi, munganga aseme kwanza kama sindano au vidonge ndivyo vinamufaa.

Lakini kwa watoto karibu wote, hatari ya kuacha sindano inapita mbali hatari ya sindano. Tunajua sababu za kuacha: mutoto amepona, anakimbia, anacheza mupira, anfirmie amehamishwa, baba yuko kazi ya usiku na hakuna wa kumupeleka. Andikeni tarehe ya sindano inayokuja kwa ukuta wa nyumba, karibu na mulango. Mutoto mwenyewe akijua kusoma, ndiye atawakumbusha.

Na siku unayokwenda kwa munganga kwa ajili ya mifupa yako, usiende mikono mitupu. Chukua kafuko kako ka plastiki, na vidonge vyote vilivyomo: vya meza ya barabara, vya jirani, vya tansyo, unga wa muzee wa mizizi, vyote. Mwage juu ya meza yake mbele ya kusema neno. Ataona kwa macho yake vile ulivyovimeza, na pale ndipo ataanza kukutibu.